Saa Mbili ya Nani

Miaka kumi na mmoja nimekuwa mkalimani,
ingawa kitambulisho changu kimeandikwa Karani wa Oda.
Ghala letu liko Chang'ombe, nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Tunauza sabuni ya mche, mafuta ya kula, viberiti.
Maduka makubwa hututumia oda kwa lugha ya mashine,
misururu ya tarakimu, nyota na mikwaju,
nami huisoma, halafu huipiga upya
kwenye mfumo wetu, kwa vidole viwili.

Najua mambo yasiyomo kwenye misururu hiyo.
Katoni ya Masaki ni vipande ishirini na vinne,
ya Mbagala thelathini na sita,
na mteja wa Tegeta akiandika 10
anataka dazeni kumi. Hajawahi kutaka kumi.

Bosi Lyatuu kachoka kulipia makosa ya vidole vyangu.
"Tununue programu," akasema, "itafsiri yenyewe."
Kisha, sijui ni kwa huruma au kwa kukosa haya,
akanipa mimi kazi ya kuichagua.
Mama aliposikia alisema: wamekutuma ukampose mke mwenzio,
akacheka peke yake mpaka chai ikapoa.

Nikaandaa mtihani. Karatasi moja.
Ni oda ya kweli, ya mwaka nilipokuwa likizo ya uzazi:
03/04. Saa 2. Katoni 40.
Aliyenishikia kiti aliandika 02:00,
lori likafika kwa mteja saa nane za usiku,
na mlinzi, haki yake, akalifungulia mbwa.

Wa kwanza, Bwana Rugaimukamu, alikuja na projekta
na viatu vinavyokuonyesha uso wako.
Programu yake inajua viwango vyote vya dunia,
inapokea, inatafsiri, inatuma stakabadhi kabla hujapepesa.
Nikaipa karatasi yangu.
02:00, ikajibu. Rangi ya kijani, alama ya vema.
"Imepita," akasema.
Mimi nikasikia mbwa.

Wa pili, Shomvi wa Sinza, bei yake nusu,
programu nzima ndani ya flashi iliyofungwa uzi mwekundu.
Umeme ukakatika akiwa katikati ya sentensi.
Jenereta ilipoamka tukahesabu:
oda sita zilikuwa zimekuwa tisa.
"Hiyo ni baraka," akasema Lyatuu,
na Shomvi akacheka, kwa kuwa hakujua bosi akikasirika hutania.

Wa tatu aliitwa Twilumba.
Kompyuta yake ilikuwa na ufa pembeni,
na ada yake ya mwaka ilimfanya Lyatuu avue miwani.
Programu ilisoma mstari wa kwanza, polepole,
kama mtoto anayefuata herufi kwa kidole.
Halafu ikasimama.
Njano. Haikutuma kitu.
03/04: mwezi upi umetangulia?
Saa 2: ya nani?
Katoni: vipande vingapi kwa mteja huyu?

Chumba kizima kikanigeukia mimi.

Kwenye ripoti niliandika yanayoandikwa:
inakubali viwango vya wateja wetu wote,
haipotezi wala kurudia oda umeme ukikatika,
ada inajadilika, msaada wa simu upo hata Jumamosi.
Sikuandika kwamba katika miaka kumi na mmoja
ni ya kwanza humu ghalani kuniuliza.

Sasa kila alasiri nakaa nayo, tunajaza jedwali.
Masaki, ishirini na nne. Mbagala, thelathini na sita.
Saa 2 ni saa mbili asubuhi, andika 08:00,
jua limeshapanda, mlinzi amefunga mbwa.
Inashika. Haisahau. Haiombi chai.

Mteja wa Tegeta bado sijamwingiza.
Twilumba alipiga simu jana kuuliza
kama kuna mstari uliobaki.
Nikamwambia kesho,
au keshokutwa.